Mwalimu Arudi Mkekani

Kwa mwimbaji wa Kiswahili, neno "mtu" ni mtihani. Lina silabi mbili, na mkazo wake, kama ilivyo ada ya lugha yetu, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ni "m". Pigo zito la mahadhi linaangukia mahali ambapo midomo imefungwa, hakuna irabu ya kufungulia kinywa, na sauti yote inapita puani. Asiyefunzwa huiruka hiyo "m" upesi akaikimbilia "u", kwa kuwa "u" ina nafasi, na msikilizaji akaambulia "tu". Mwimbaji aliyeiva huikalia "m". Huipa urefu wake kamili, huipandisha au kuishusha jinsi mahadhi yanavyotaka, ndipo hufungua midomo, na "u" ikatoka tayari imejaa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa "nchi", kwa "mti", kwa "mji", kwa "nta".

Hilo nilifunzwa na mwimbaji wa taarabu wa Unguja, nikiwa mtu mzima niliyekwisha kufundisha muziki bara kwa miaka mingi. Niliomba likizo ya masomo, nikavuka bahari, nikawa mwanafunzi tena. Wenzangu wa chumba cha walimu waliniuliza sababu, maana mwalimu wa muziki anayekwenda kujifunza kuimba huonekana kama fundi cherehani anayekwenda kujifunza kutunga uzi sindanoni. Niliwajibu kwamba mwalimu wa muziki haimbi. Anahesabu mapigo, anaandika noti ubaoni, anasahihisha besi, anatuliza fujo, anawaandaa vijana kwa mashindano. Sauti yake huonyesha njia kwa mstari mmoja au miwili, kisha huwaachia wengine waendelee. Nilikuwa na hamu ya kuimba wimbo mzima, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kuuimba inavyopasa.

Zanzibar inamfaa mtu mwenye hamu hiyo. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha udi, kanuni, fidla, ngoma na uimbaji kwa utaratibu wa madarasa na vyeti. Lakini hata kabla ya chuo palikuwa na njia ya kujifunza, na bado ipo: kijana huja klabu, hukaa nyuma ya waitikiaji, huitikia kwa muda mrefu bila kuulizwa lolote, mpaka siku ambayo mtu mwenye amri anamgeukia na kumwambia asimame. Mwalimu wangu alipita njia hiyo. Siku hizi anafundisha nyumbani kwake, alasiri, wanafunzi wachache wakikaa mkekani, mmoja na udi na mwingine na fidla. Hapendi kuandikwa jina, basi hapa nitamwita Mwalimu, kama nilivyokuwa nikimwita. Mimi nilikuwa mkubwa wa umri kuliko wote mle mkekani ukimtoa yeye. Hakunitofautisha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikaonyeshwa pa kukaa, kati ya kijana wa Jang'ombe na msichana aliyekuwa bado yuko sekondari.

Nilidhani tutaanza na sauti. Tulianza na maneno.

"Kwanza niambie," alisema. "Usiniimbie bado. Niambie kama unavyomwambia mtu aliyekuudhi, na yuko mbele yako."

Ubeti wa taarabu, kwa umbo lake lililozoeleka, una mistari mitatu. Kila mstari una mizani kumi na sita, nane kwa kipande cha kwanza na nane kwa cha pili, na vina vya kati na vya mwisho. Umbo hilo nililifahamu vitabuni. Mwalimu alinifanya nilibebe mwilini. Tulihesabu mizani kwa vidole, tukiyasema maneno kwa mwendo wa mazungumzo, na kila palipokuwa na "m" au "n" inayosimama yenyewe ilibidi kidole kishuke kama kwa silabi nyingine yoyote. Ukisema "mtu mbaya" umetumia mizani mitano, kwa sababu "m" zote mbili zinajitegemea. Ukisema "nyumba mbaya" umetumia minne. Hapo "mba" ni pigo moja. Mshairi wa mwambao anajua tofauti hiyo bila kufundishwa sarufi, anaitunga ndani ya mizani yake, na mwimbaji asiyeisikia atajikuta amebakiwa na noti isiyo na silabi, au silabi isiyo na noti, katikati ya watu.

Alasiri nyingi zilikwenda hivyo. Nilivutiwa na jinsi Mwalimu alivyokuwa hana haraka. Kijana wa Jang'ombe, ambaye sauti yake ingeweza kujaza ukumbi, alikuwa akitamani kuimba. Mwalimu alimwachia aseme ubeti uleule mpaka tukasikia kwamba amelielewa fumbo lililomo, kwa kuwa nyimbo hizi husema jambo kwa kulificha, na asiyejua kilichofichwa hutia mkazo mahali pasipo. Alipolielewa, sura yake ilibadilika, na maneno yakajipanga yenyewe. Ndipo Mwalimu akamwashiria kwa kichwa mwenye udi.

Kisha pumzi. Kwenye kwaya tunafundisha kupumua kwa tumbo, mbavu zikitanuka, kiwambo kikishuka, mabega yakitulia, na hayo ni kweli kila mahali panapoimbwa. Alichoniongezea Mwalimu ni mahali pa kupumulia. Mwimbaji mchanga hupumua baada ya mizani nane, kwa kuwa pale kuna kituo na kina kimelia. Mara nyingi ni sawa. Lakini mshairi mzuri huweza kuivusha maana kutoka kipande cha kwanza hadi cha pili. Kitenzi kikawa huku, mtendwa kule. Ukipumua katikati yao umevunja sentensi. Mwalimu huvuka. Hukishika kina cha kati, hukipamba kidogo, huteremka nacho mpaka kipande cha pili bila kuvuta hewa, na hewa yake huja kuivuta baada ya neno la tatu au la nne, kwa siri, kwa pua, wakati fidla inajibu. Nilikaa karibu naye, nikimtazama shingo na mbavu kwa jicho la mwalimu anayetafuta jinsi kazi inavyofanyika, na hata hivyo mara nyingi sikuiona pumzi inapoingia.

Nilipomuuliza alikojifunzia, alijibu: "Chuoni, utotoni." Alimaanisha chuo cha Kurani. Kusoma Kurani si kuimba, na hakuna Mzanzibari atakayekuambia vinginevyo. Mwalimu mwenyewe hutenga mambo hayo mawili kwa adabu kubwa. Lakini mtoto aliyefunzwa tajwidi ameyajua mapema mambo ambayo mwanafunzi wa sauti huko Ulaya huyafikia chuo kikuu. Anajua kwamba kuna mahali pa kusimama na mahali pasiporuhusiwa kusimama, kwa kuwa maana itaharibika. Anajua kwamba irabu ina vipimo, harakati mbili, nne au sita, na kwamba anayevuta nne mahali pa sita amekosea. Na anajua ghuna, ile sauti ya puani ya "m" na "n" inayoshikiliwa kwa kipimo chake. Ukimwambia mtoto huyo aikalie "m" ya "mtu", hashangai. Ongeza kasida na maulidi, ambamo kundi zima huimba kwa kupokezana usiku kucha, nawe utaona kwa nini kisiwa kidogo kimetoa waimbaji wengi namna hii.

Kiswahili chenyewe humtendea mwimbaji wema wa aina yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, na irabu tano tu, safi, zisizobadilika katikati. Mjerumani au Mwingereza hupambana na konsonanti zinazofunga neno kabla mahadhi hayajaisha. Sisi neno likiisha mlango uko wazi. Taabu iko kwenye "i". Vina vyetu vingi vinaishia "ni" na "mi" na "li", na mahadhi hupenda kupanda mwishoni, kwa hiyo mwimbaji huishia kuishikilia irabu nyembamba kuliko zote kwenye noti ya juu kuliko zote. Koo hukaza. Dawa ya Mwalimu ni kuianza "i" kwa ncha, kisha kuipa nafasi nyuma ya ulimi taratibu, taya likilegea, bila kuiruhusu igeuke "e". Mpaka kati ya "i" yenye nafasi na "e" ni mwembamba sana, na yeye huusikia kutoka chumba cha pili.

Nisiifanye kazi yangu ya awali kuwa ndogo. Solfa, niliyofundisha na nitakayoendelea kuifundisha, ni moja ya zana bora zilizowahi kuletwa Afrika Mashariki. Ilianzia kwa mwalimu mwanamke wa Norwich, Uingereza, aliyeitwa Sarah Glover. Mchungaji John Curwen akaichukua katika miaka ya 1840, akaitengeneza na kuisambaza, na wamisionari wakaileta huku. Herufi saba, nukta pacha za kugawa mapigo, vistari vya kurefusha. Haihitaji karatasi ya mistari mitano wala piano. Inapigwa taipu kwenye mashine ya ofisi ya parokia na kurudufiwa, na kwaya ya kijijini isiyo na chombo hata kimoja huimba sauti nne kwa usahihi unaowaduwaza wageni. Nimesimama mbele ya kwaya za namna hiyo, na sijawahi kuzoea kile kinachotokea kifuani mwangu besi zinapoingia.

Ila solfa ina kimo ilichoandikiwa. Ina mi, na ina ma, ambayo ni mi iliyoshushwa nusu toni. Kati ya hizo mbili haina herufi. Sasa rasti, maqamu (yaani mpangilio wa ngazi za sauti) ambayo ni kama mama wa maqamu nyingine katika muziki wa Kiarabu, ngazi yake ya tatu inakaa hapohapo, kati ya ma na mi, na ya saba vilevile iko chini kidogo ya ti. Udi haina vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole hukaa kinapotaka. Fidla pia. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, ina vijichuma vidogo pembeni ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza wakati wimbo unaendelea, ili kila uzi upate robo toni yake. Akordiani na kinanda cha umeme havina uwezo huo. Kila ufunguo una sauti moja isiyosogea. Nimemwona mpiga akordiani mwenye sikio akiinyamazia ngazi ya tatu kila inapofika, akawaachia fidla na mwimbaji, halafu akarudi kwenye ngazi ya nne kana kwamba hakuondoka.

Mwalimu haitaji ngazi kwa nambari. Aliimba, nami nikaimba nyuma yake.

"Umepanda," alisema.

Nikashusha.

"Sasa umeanguka. Rudi, lakini usifike."

Sikio langu, lililolelewa na piano, lilikuwa likiivuta sauti hiyo kila mara kwenye moja ya nyumba mbili lilizozijua. Mwenye fidla aliishikilia kwa upinde mrefu, mimi nikaimba juu yake huku macho nimefumba, mpaka ule mtetemo unaosikika sauti mbili zinapogombana ukapungua, ukapungua tena, ukaisha. Nilikaa ndani ya sauti hiyo kwa pumzi nzima. Haikuwa mi iliyopotoka. Ilikuwa na furaha yake, nzito kidogo, ya mtu mzima, na nilielewa kwa nini rasti hutumika kufungulia mambo.

Wataalamu waliokutana Cairo mwaka 1932 katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu walibishana kama oktavu igawanywe robo toni 24 zilizo sawa. Kwenye karatasi 24 inapendeza. Mkekani niligundua kwamba Mwalimu haiweki ngazi ile mahali pamoja siku zote: anapopanda kwenda ya nne huiinua kidogo zaidi, anaposhuka kurudi nyumbani huilegeza. Nilimwambia nilichosikia. Akafikiri, akaimba tena kwa sauti ndogo, juu, chini, akacheka kwa kuridhika. "Ikiwa inakwenda, inakwenda," alisema. "Ikiwa inarudi, imechoka."

Sauti yangu yenyewe ilikuwa na uchovu wake. Walimu huzitumia vibaya sauti zao, na si kwa kupenda. Darasa la vijana hamsini, madirisha wazi, barabara nje. Nyuzi za sauti ni vitu vidogo mno, mikunjo miwili ndani ya zoloto, urefu wake kama sentimita 1 hadi 2 hivi, nazo hugongana mara 220 kwa sekunde kwa la ya chini ya do ya kati, na mara 440 kwa la iliyo oktavu moja juu yake. Ukipiga kelele zinagongana kwa nguvu. Ukipiga kelele miaka mingi zinanenepa ukingoni. Mwalimu alisikia yote hayo siku ya kwanza, akaninyima noti za juu, akanipa zoezi moja: kuvuma, midomo imefungwa, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto asiamke. Siku hizi watafiti wa sauti, akiwamo Mmarekani Ingo Titze, wameeleza kwa vipimo kwa nini uvumaji wa namna hiyo, au kutoa sauti kupitia mrija mwembamba, hufaa: hewa inayozuiliwa mdomoni hurudisha msukumo nyuma, nyuzi zikatetemeka bila kugongana kwa ukali. Mwalimu hana vipimo. Ana masikio, na ana ile "m".

Nikiwa kwenye uvumaji huo nilimkumbuka sana Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji Paris na London karne ya 19. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakitia ndani ya koo lake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo kingine cha mkono, akawa anaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata aliwasilisha alichokiona kwenye Royal Society ya London, na madaktari wakapata chombo wanachokiendeleza hadi leo. Aliishi miaka 101. Lakini napenda zaidi tukio la kabla ya hapo. Mwaka 1841 alimjia Jenny Lind, binti wa miaka 20 ambaye Stockholm nzima ilikuwa ikimshangilia jukwaani, na sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kazi. García alimwamuru anyamaze wiki sita, asiimbe kabisa na asizungumze ila kwa lazima. Baada ya hapo alimpokea kama mwanafunzi, akaanza naye skeli polepole, karibu mwaka mzima. Mtu aliyekwisha kupata makofi yote hayo akakubali kukaa kimya, kisha akakubali kurudi kwenye noti tano. Namheshimu García kwa kuagiza, na namheshimu Lind zaidi kwa kutii.

Kwetu mfano mkubwa wa aliyejifunza akiwa mtu mzima ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akawa akibeba vyungu kwenda kuviuza mjini na kuvinadi njiani kwa sauti. Alihamia mjini mwaka 1911 hivi. Huko ndiko alikokutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa taarabu, aliyeisikia ile sauti na kuamua kumfunza kuimba. Alikuwa amefikia umri wa miaka thelathini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikavuka pwani yote hadi bara. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akayaandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Waandishi wengi hupenda kusimulia unyonge aliotoka. Mimi kama mwalimu ninafikiria zaidi ile miaka kati ya 1911 na 1928, ambayo haina simulizi nyingi, na ambayo lazima ilikuwa ya mazoezi. Kunadi vyungu kulimpa nguvu na umbali. Pumzi ya kipande kizima, mapambo, maqamu, kuingia baada ya bashrafu, ule utangulizi wa ala, kwa noti sahihi bila kuonyeshwa, hayo hufunzwa.

Sahani zile zinamfaa mwanafunzi. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, hivyo wimbo ambao kwenye hafla ungechukua robo saa ilibidi ubanwe, na katika kubanwa kwake ufundi unaonekana wazi. Hakuna nafasi ya kupoteza. Siti anaingia juu, sauti kali yenye ghuna, kila silabi imekatwa sawasawa, na mapambo yake ni mafupi, yanapita kabla hujayahesabu. Nilikuwa nikisikiliza usiku, nikisimamisha simu baada ya kila kipande, nikiimba, nikirudia. Msichana wa sekondari alikuwa akifanya hivyohivyo kwao, na kesho yake tulilinganisha tulichosikia. Mara nyingi yeye alikuwa amesikia zaidi. Kumsikiliza akinieleza, kwa uangalifu na kwa heshima, jinsi noti fulani inavyoguswa kutoka juu na si kutoka chini, ni moja ya mambo mazuri niliyopata katika uanafunzi wangu.

Baada ya kipindi Mwalimu alituruhusu kuwa waitikiaji wa mwenzetu mmoja mmoja. Kuitikia kuna elimu yake. Mwitikiaji hasubiri mwimbaji amalize. Huingia juu ya silabi yake ya mwisho, kwa irabu ileile, kwa uzito uleule, ili ukumbi usisikie kiungo. Kwa hiyo lazima ujue jinsi mwenzako anavyofunga kinywa na pumzi yake inaishia wapi. Kijana wa Jang'ombe huishia ghafla, msichana hufifia. Niliwajua kwa njia ambayo miaka ya kusimama mbele ya kwaya nikiwa na kijiti cha kuongozea haikunipa nafasi ya kumjua mwimbaji yeyote, kwa sababu anayeongoza husikia wote, na anayeitikia humsikia mmoja.

Tulifunzwa pia kusimama. Waimbaji wa taarabu asilia hawachezi jukwaani. Mikono imetulia, uso hausemi kabla ya maneno, na mwili wote umeachiwa sauti. Wakati huohuo wasikilizaji wanainuka kuja kutuza, noti zinapepea mbele ya macho, mtu anamtuza mwimbaji kwa sababu ubeti huu umemgusa au kwa sababu anataka mwingine aliye ukumbini aguswe. Mwimbaji anapokea, anaimba, hapotezi mizani. Mwalimu alituzoeza kwa kupita mbele yetu tukiimba, akitupa karatasi mkononi, akitutazama usoni kwa karibu, akinong'ona jambo. Anayegeuza macho hupoteza pumzi. Ni kweli, jaribu.

Nimerudi bara, na kazi yangu imebadilika katika mambo madogo. Kwaya yangu huanza kwa kuvuma. Kabla ya kuimba tunayasema maneno, wakati mwingine zoezi zima. Na nimechukua kitabu cha nyimbo zetu za kanisani, ambazo nyingi mahadhi yake yalitungiwa Kijerumani au Kiingereza kisha maneno ya Kiswahili yakapachikwa, nikawa ninapita kwa penseli nikiweka alama pale ambapo pigo zito limeangukia silabi nyepesi. Wafasiri walifanya kazi ngumu na sina lawama kwao. Walikuwa na mahadhi yasiyogeuka na lugha isiyojipinda. Lakini mara nyingi panatosha kusogeza noti moja, kuigawa ndefu kuwa fupi mbili ili "m" ipate mahali pake, na neno linarudi kuwa neno. Alto ndio waliolipokea haraka kuliko wote. Sauti yao hukaa chini ya mahadhi, haipati mapambo, na wamezoea kuishi na noti moja kwa muda mrefu; nilipowapa "m" ya kukalia walijua la kufanya nayo.

Mwalimu na mimi tunapigiana simu. Ramadhani taarabu hunyamaza na mkeka wake hukunjwa, kwa hiyo tumepanga nivuke tena Mfungo Mosi, baada ya siku za Idi. Tutaanza maqamu iitwayo saba. Ngazi yake ya nne iko chini kuliko sikio linavyotarajia, na ukipanda hadi juu oktavu haifungi: unafika nusu toni chini ya mahali ulipodhani utatua. Kwa solfa siwezi kuiandika ikaeleweka, nimejaribu. Mwalimu amenikataza kuisikiliza kwenye simu kabla sijaisikia kwake, na ameniagiza niende na ubeti niliokwisha kuujua kwa moyo, wa kusemwa kwanza.